Gari Lililonyamaza Mbele ya Fundi

Karsikkovaara,
Februari 9

Kwa dada yangu Hilkka,

Salamu zikufikie hapo nyumbani, wewe na yule paka wako mzee, kama bado anapumua. Goti lako linaendeleaje? Mke wa mchungaji ameniambia uliteleza kwenye ngazi za kanisa, nami nikaona aibu kupata habari zako kwa watu wa nje, kana kwamba mimi na wewe hatukulelewa nyumba moja. Mimi ni mzima wa mwili. Mgongo unauma, kahawa nakunywa kupita kiasi, na usingizi umenikimbia siku nyingi. Baridi huku haina mchezo. Leo asubuhi kipimajoto cha gereji kimesoma nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, na mlango mkubwa uliganda hadi nikaufungua kwa maji ya moto.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, nimeishika simu mara nyingi nikairudisha. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua ulimi wako, nami ningeshukuru kukatizwa. Kwa hiyo naandika. Nakuomba ukae, usome mpaka mwisho, kisha ukitaka kuitia barua kwenye jiko ni hiari yako.

Nataka kukuambia habari za gari la marehemu shemeji Ilpo. Bado liko nyuma ya gereji yangu, palepale lilipoburutwa mwaka jana, milango ya kulia imebonyea na theluji imefika vioo. Uliniambia nilipeleke kwenye vyuma chakavu, nami nikakujibu ndiyo, ndiyo, nikaliacha.

Jumanne ya wiki iliyopita mwanao Saila alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, maana tangu siku ile ya ajali hajashika usukani. Amekonda, Hilkka. Anakaa chumba cha juu ya duka la mikate, anaoka tangu alfajiri, akimaliza analala. Alisimama mlangoni kama mteja, kofia mkononi, akaniambia, "Mjomba, nataka kulisikia lile gari likiwashwa. Mara moja tu, halafu sikusumbui tena." Nikamwambia betri imekufa. Akaniambia rafu yangu nzima imejaa betri. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema atasubiri, akavuta kiti. Ukaidi huo ameutoa wapi kama si kwako?

Akanikumbusha maneno yale aliyowaambia polisi na aliyokuambia wewe. Kwamba Ilpo alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, kwa hiyo yeye ndiye aliyeendesha. Kwamba asubuhi ile injini ilipowaka iligonga, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Kwamba pale njia panda, kwenye kile kilima, na tela la kuni nyuma, alikanyaga mafuta avuke barabara kuu, na gari halikuvuta. "Nilikanyaga mpaka chini, mjomba. Lilinguruma tu. Tukabaki katikati." Lori la magogo likaja kutoka kulia, upande alioketi baba yake.

Hakuna aliyemwamini. Watu walisema msichana wa miaka kumi na tisa, nani ajuaye alikuwa akiwaza nini, hakuliona lori. Walisema hata kebo ya umeme ya kupashia injini moto hakuichomeka asubuhi ile, mtu wa namna gani hachomeki kebo Januari? Nawe, dada, kwenye kahawa ya mazishi, mbele ya kijiji kizima, ulimwambia amemuua baba yake na asikanyage tena kwako. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako na sahani ya keki. Nikamega kipande kingine.

Ni kweli kebo hakuichomeka, na ndiyo maana yeye peke yake aliusikia ule mlio siku hiyo. Huku kwetu nani anawasha injini ya baridi? Tunachomeka saa mbili kabla ya safari, tunatoka na gari lililopata moto kama mkate. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinabana, mlio unakufa. Ilpo alikuja kwangu mara mbili vuli ile akilalamika, na mara zote mbili gari lilikuwa limetoka kwenye kebo na kukimbia kilomita ishirini. Halikutoa hata kikohozi. Nikamcheka. Nikamwambia, "Shemeji, gari lako lina haya, likimwona fundi linajistahi. Au ni masikio yako yamezeeka?" Akanijibu kwamba yamezeeka kwa kusikiliza upuuzi wangu. Tukanywa kahawa, akaenda zake.

Jumatano mimi na Saila tulifukua theluji, tukatia betri, tukabadilisha oili, tukaliacha gari uani bila kebo mpaka kesho yake. Alhamisi saa tatu asubuhi nikaliwasha. Liligoma, likakohoa, likawaka, na hapo hapo likaanza, kra-kra-kra, upande wa tabo. Saila alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikahisi kucha ndani ya glavu. "Ndiyo hiyo! Mjomba, ndiyo hiyo hiyo! Unaisikia?" Nikamwambia naisikia.

Nikafungua boneti nikamwonyesha. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ndiyo inayolipatia gari nguvu ya kupanda kilima na tela. Kando yake kuna kilango kidogo cha kuachia moshi ukizidi, nacho kinafungwa kwa mkono mdogo wa chuma wenye pini. Pini ya gari la Ilpo imelika. Kwenye baridi kali inachezacheza, huo ndio mlio. Na kilango kikibaki wazi, moshi unapita bure, tabo haizunguki, utakanyaga mafuta mpaka kesho. Nikaubana ule mkono kwa koleo, mlio ukanyamaza. Nikaachia, ukarudi. Alinifanya nirudie mara nne.

Kisha akalia. Akanikumbatia, na mafuta yangu yote, akasema, "Asante, mjomba. Ni wewe peke yako uliyenisikiliza." Hilkka, hapo nilitamani ardhi inimeze.

Kwa sababu Ilpo alikuja mara ya tatu. Alhamisi kabla ya kufunguliwa msimu wa kuwinda elki aliniachia gari likalala uani, na Ijumaa asubuhi, kwenye jalidi, niliusikia ule mlio kwa masikio yangu. Nilijua papo hapo ni nini. Dawa yake ni tabo nyingine, na kuiagiza ni wiki tatu, gari limelala. Jumamosi watu kumi na wawili walikuwa wanatungoja msituni, na gari la Ilpo ndilo lilikuwa la kuvuta tela la nyama. Unatujua sisi. Wiki ile hata harusi haifungwi. Nikakata spoki ya baiskeli, nikaikunja, nikaubana ule mkono usicheze. Kimya! Nikamwambia Ilpo hiyo ni ya wiki moja tu, tukitoka kuwinda alirudishe. Akaniomba nisikwambie, maana ungemkataza asiende. Tulipata elki wawili. Uliipika nyama ile wewe mwenyewe, ukatusifu.

Siwezi kusema nilisahau. Kila nilipoliona gari lile nilijiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika Januari.

Siku ya ajali waliliburuta kwangu. Kabla mtu wa bima hajafika nilifunga mlango, nikafungua boneti. Spoki ilikuwa imeteleza upande mmoja, na ncha yake imeingia chini ya kilango, imekishikilia wazi. Nikaichomoa nikaitia mfukoni. Mtu wa bima akaniuliza kama injini ina kasoro, nikamwambia haina. Polisi akaniuliza, nikamwambia haina. Kisha nikafua shati jeupe nikaja kwenye mazishi, nikasikia ulivyomwambia mwanao, nikala keki. Mwaka mzima nimemwacha mtoto yule abebe mzigo wangu, nawe nimekuacha umchukie binti yako wa pekee. Mimi ndiye, Hilkka. Si Saila. Alikanyaga mafuta kama mtu yeyote mwenye akili angekanyaga, na gari halikwenda kwa sababu yangu.

Jana nilimwambia yote. Hakunipiga, na ningependa anipige. Aliuliza jambo moja tu, kama baba yake alijua kwamba ile spoki ni ya muda. Nikasema alijua. Akavaa kofia akatoka, nikadhani ndiyo mwisho wa kumwona. Baada ya nusu saa akarudi, pua nyekundu, akasema bila kunitazama, "Mwandikie. Nitampelekea mwenyewe. Ukiituma kwa posta hataifungua."

Spoki imo ndani ya bahasha hii. Ishike, uione ilivyo ndogo. Keshokutwa nitaipitia niipeleke polisi pamoja na mimi mwenyewe. Gereji nimeshaifunga. Usinitetee kwa mtu, na ukitaka kunitukana nitasimama uani kwako mpaka umalize. Msamaha siuombi leo, sina uso huo.

Nisalimie jirani yako Tyyne. Lile goti lisugue kwa dawa, usishuke ngazi bila sababu.

Ila leo ipo sababu. Barua hii umeipokea mlangoni, na najua uliufunga mlango kabla hujasoma mstari wa kwanza. Aliyeileta hana gari, na basi la kurudi ni saa kumi jioni. Ameniambia hatabisha hodi mara ya pili. Yuko hapo nje kwenye ngazi, Hilkka, na ni nyuzi thelathini na mbili. Nenda ukamfungulie mtoto.

Mdogo wako,
Kyösti