Fyuzi Isiyolala

Bristol, Tennessee
Jumapili, 8 Februari 2015

Kaka Garland mpendwa,

Leo nimekaa kukuandikia yote, na nimejiapiza kutoruka jambo lolote, hata lile litakaloniaibisha. Lakini kwanza, u hali gani? Baridi ya Illinois umeizoea? Mama anauliza kama kweli wamekunyoa kipara, na kama chakula cha kambini kinaliwa. Sisi ni wazima. Baba naye ni mzima, ila amepungua maneno tangu uondoke.

Unakumbuka kile kidude chako cha kunusa rada, ulichomwachia ili polisi wenye tochi za kupimia mwendo wasimpate mara ya tatu na kumnyang'anya leseni? Alikuwa anakichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, na waya wake ulining'inia mbele ya redio. Kila asubuhi alipofika State Street, mtaa wa mpakani, kabla ya kuingia upande wa Virginia ambako ni marufuku, alisimama, akakichomoa na kukifungia kwenye buti la gari. Jioni akirudi Tennessee alikirudisha kwenye kioo cha mbele. Siku moja mwezi uliopita alinasa mkono kwenye waya ule na kahawa yote ikaishia kwenye suruali yake. Aliingia ndani akisema laiti Garland angekuwepo, angeuunganisha moja kwa moja na umeme wa gari. Nikasema mimi naweza.

Baba alinitazama, akauliza kama ni mimi yule niliyeunguza kibaniko cha mkate. Nikamjibu kwamba kibaniko kilikuwa kibovu kabla sijakigusa. Mama akadakia kutoka jikoni kwamba hilo ni kweli, na kwamba anamjua vizuri aliyekiharibu, tena leo kavaa suruali iliyoloa kahawa. Baba akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Fomu yangu ya kuendelea na masomo ya ufundi wa magari mwakani ilikuwa bado imebanwa kwenye mlango wa friji, pale ilipokaa tangu Novemba. Kila nilipomwomba aisaini alisema tutaona, na wewe unajua katika nyumba hii tutaona maana yake nini. Kwa hiyo niliitaka kazi ile kwa moyo wangu wote.

Baba akakubali, nami nikaifanya Jumamosi iliyofuata. Niliuficha waya kwenye ukingo wa dari, nikaushusha ndani ya nguzo ya mlango, nyuma ya mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga, na si mbele yake, kama Bi Teague alivyotufundisha shuleni, mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi. Baba alikuwa amekaa kiti cha abiria, redio imewashwa, anasikiliza mechi ya kikapu ya Tennessee. Alinishikia kurunzi. Alinilaumu mimi kila walipokosa mtupo, akisema mkono wangu unatikisa gari na gari linatikisa timu. Aliniambia habari za injini ya kwanza aliyoifungua na babu. Kaka, huko nyuma alikuwa akikaa hivyo na wewe tu.

Kazi ilipokwisha alipapasa dari kote akitafuta waya, asiuone. Akasema nimefanya kama fundi. Jioni hiyohiyo aliitoa fomu kwenye friji, akaisaini juu ya goti lake.

Mwisho wa Januari theluji ikaanguka. Baba aliegesha gari Ijumaa jioni, kidude kikiwa kiooni, na hatukutoka Jumamosi wala Jumapili; hata ibada iliahirishwa. Jumatatu alfajiri akazungusha ufunguo, gari likatoa mlio mmoja wa kukohoa, likanyamaza. Baba akampigia Hobart wa jirani, ambaye ndiye aliyemfungia betri ile vuli iliyopita. Alikuja na lori lake na kikombe chake cha kahawa, akaliwasha gari kwa betri ya lori. Baba alikwisha chelewa, na unajua msimamizi wake kiwandani hasikii habari za theluji. Akamuuliza Hobart kama alimfungia betri au sanduku la maji ya achari. Hobart akajibu kwa utani kwamba betri yake ni nzima, labda gari limechoshwa na dereva. Siku nyingine wangecheka wote wawili. Siku hiyo Baba alisema kwamba kwa miaka ishirini alikuwa anamwamini, kumbe anauziwa uchafu. Hobart aliweka kikombe chake juu ya boneti ya gari letu, akapanda lori lake akaondoka.

Baba alinunua betri nyingine kwingine. Jana ilikuwa Jumamosi, na kwa mara ya kwanza Hobart hakuja kula nasi biskuti, vile vimkate laini vya Mama, na mchuzi wa soseji, kama afanyavyo kila Jumamosi. Mama alikuwa ameshamwekea sahani. Baba aliitazama mara mbili, kisha akaenda kuitazama theluji. Kikombe bado kipo juu ya kabati, kimeoshwa.

Sasa nafika pale nilipoapa kufika. Garland, ni mimi. Betri ya Hobart haikuwa na kosa. Zipo fyuzi zinazolala, yaani hazipitishi umeme, ukichomoa ufunguo, na zipo zisizolala, kama ile ya saa. Bi Teague ametuambia mara mia: pima kwa testa ya umeme mara mbili, ufunguo ukiwa umewashwa, kisha ukiwa umezimwa. Mimi nilipima mara moja. Kupima mara ya pili kungelazimu kuzima redio, na mechi ilikuwa imebaki dakika chache, na Baba alikuwa anaongea nami. Sikutaka anyamaze. Basi nikauunganisha waya kwenye fyuzi isiyolala, na kidude kikakesha kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu kikinusa rada kwenye uwanja wetu wenyewe, mpaka kikamaliza betri.

Jumanne jioni, Baba alipokuwa anaoga na Mama hajarudi kutoka kazini, niliuhamisha waya. Safari hii nilipima mara mbili. Alhamisi nilimwomba Bi Teague aichaji ile betri ya zamani na kuipima, naye akasema ni nzima kabisa, akauliza nani aliyeitupa.

Fomu imo kwenye mkoba wangu. Inatakiwa shuleni tarehe 27. Sitaipeleka kabla sijamwambia Baba, na nimeamua kumwambia Jumamosi ya tarehe 21, mezani, sahani ya Hobart ikiwa mbele yetu. Huenda ataichana. Huenda pia atachukua kile kikombe na kuvuka uwanja nacho kwenda kwa Hobart, na hilo ndilo ninalolitumaini zaidi.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi mbili. Baba hajui kwamba naandika, ila jana alisafisha buti zako, nami nazihesabu hizo kuwa salamu zake.

Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, jibu linifikie kabla ya tarehe 21. Siku ile ulipomwambia Baba kwamba umejiandikisha jeshi la wanamaji, nilikuwa kwenye ngazi, nikasikia ukimya wake tu. Wewe ulianza kwa neno gani?

Mdogo wako akupendaye,
Corinna