Kichupa cha Kemilembe Kilichogoma Kumwagika

Mwanangu Muganyizi,

Nakusalimu wewe na mkeo. Mgongo umepona, au bado unautumia kukwepa kibanja? Migomba yangu usipoipalilia nitajua nikishuka tu kwenye basi. Macho yangu yanaona vizuri tangu nipasuliwe, ndiyo maana naandika mwenyewe.

Ulitaka nikipona nirudi Muleba na binti yako Kemilembe, kwa kuwa miaka inakwenda na chuo cha huku Dar hakijampa cheti. Nilikubali. Nguo zake nilishazifunga. Sasa nisikilize.

Wiki iliyopita alinipeleka maabara nione kinachomchelewesha. Kichupa cha maji, basi. Anasema ndani mna chembe zisizoonekana kwa macho, bapa kama sahani. Akizipasha moto zinaachana. Zikipoa zinalaliana moja juu ya nyingine, na pembeni zinashikana kwa haidrojeni, kama watu wanaoshikana vidole, si kwa nguvu. Zikiwa nyingi zinakuwa nyuzi, na nyuzi zinayakamata maji yanaganda kama uji uliolala. Wanataka kutia dawa humo, itoke kidogo kidogo kwenye kidonda. Nikauliza nani anazipanga.

"Hakuna, Bibi. Zinajipanga zenyewe."

Ila za kwake zilikuwa hazijipangi, mwaka mzima. Nikakaa nikamtazama. Anakitoa kichupa kwenye moto, anakitumbukiza kwenye barafu, halafu kila dakika anakiinua, anakitikisa, anakichungulia.

"Kemi, kaa chini. Ingekuwa rubisi ya ndizi ungeshaiharibu."

"Bibi, hii si pombe."

"Ingekuwa pombe ningekuchapa."

Akacheka, kisha akakitazama kichupa, anafikiri. Akapasha kingine, akakiacha humo humo kwenye maji yake ya moto kipoe chenyewe, akafunika. Tukaenda nje kula ndizi nilizopika. Mara mbili alitaka kurudi kuchungulia, nikamshika sketi.

Tuliporudi akakipindua, mdomo chini. Hata tone halikutoka. Mwalimu wake akakipindua na yeye, akaita wenzake waone. Akamwambia kikikubali mara tatu aanze kuandika kitabu chake cha kumaliza. Jana kimekubali mara ya tatu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini wale walimu niliwapa mkono nimenyoosha shingo, maana huyo ni damu yangu.

Na wewe je? Umesahau ulivyofunua majani kwenye mtumbwi wa kuchachushia rubisi ya harusi ya dada yako, eti unaangalia kama imeiva? Tukawapa wakwe maji machungu. Nilikuchapa, kumbe hukukoma. Leo umerudia yale yale kwa mwanao.

Nisalimie dada yangu wa Kibeta, mwambie dawa ya macho namletea. Na shemeji yako anayeuza dagaa Bumbire aniwekee wa kutosha.

Nguo za Kemilembe nimezifungua, nimezirudisha kabatini. Nakuja peke yangu.

Ni mimi mama yako, na mkono wa kuchapa bado ninao.