Nikisema Tokeni, Watoke

Jumatatu, 3 Februari

Sekenke tena. Mvua haijakatika tangu juzi, barabara ya mteremkoni inateleza. Nimeanza kukagua mashimo ya dhahabu, maduara ya upande wa chini. Matimba yanayoshikilia kuta mazima, ngazi nzima, wachimbaji wana kofia ngumu. Nikasaini, nikasonga mbele.

Duara la Mzee Mkumbo ndilo lililonitoa jasho. Nilishuka mwenyewe. Matimba yameoza, maji yanachuruzika ukutani, na pale mdomoni pana ufa unaoingia kiganja. Nikapanda juu nikasema panafungwa. Zamu yote itoke.

Mzee Mkumbo ndiye mwenye leseni. Mnyiramba wa hapa hapa, amechimba tangu ujana wake, na wiki hii ndiyo kwanza ameufikia mwamba wenye dhahabu ya maana. Akanijia mbele ya watu wake. "Mama, unanifungia riziki, ujue." Nikamjibu kwamba nimefunga shimo, riziki sijaigusa. Wachimbaji wakacheka. Yeye hakucheka. Utepe nilifunga kwa mkono wangu.

Kwenye gari nilijisikia mrefu.

Ijumaa, 7 Februari

Duara la Mkumbo limeporomoka. Simu imeingia nikiwa nachemsha chai. Mdomo wote umekwenda chini, winchi imemezwa, matimba yamevunjika kama njiti.

Hakuna mtu ndani. Nimeuliza mara tatu. Hakuna mtu.

Nilikaa chini jikoni. Elisha, mume wangu, akazima jiko, akakaa kando yangu. Kisha nikavaa, nikaenda kazini.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Mkumbo kaja ofisini, Singida mjini. Koti jeusi, na mbuzi. Kamfunga kwenye mti wa uani, mbuzi akaanza kula maua ya mkuu wangu. Nikamwambia Mzee, shikamoo, na huyo mbuzi aondoke sasa hivi kabla sijaitwa kujieleza. Mkaguzi hapokei mbuzi. Akamrudisha kwenye pikapu bila ubishi. Nikajua kuna jingine.

Lilikuwepo. Amepata wabia. Wanataka kuchimba njia mpya ya kushukia, ya kisasa, na wanataka meneja wa usalama. "Nakutaka wewe. Ulinifungia nikakuchukia siku nne nzima."

Nikamwambia mazungumzo yaishie hapo hapo. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, nikamweleza yote. Siwezi kumkagua mtu anayetaka kuniajiri. Mkuu akaninyang'anya Sekenke papo hapo, akampa mwenzangu. Ni sawa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Ila alichoongeza ndicho kilichonichoma: "Hapa ukisema, serikali imesema. Kule ukisema, kasema mfanyakazi wa Mkumbo."

Ni kweli. Hilo ndilo swali lenyewe. Mshahara si swali.

Jumapili, 16 Februari

Itigi kwa Baba. Amestaafu reli, alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Picha yangu ya siku ya mahafali iko ukutani juu ya redio, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Wa leo alikuwa muuza asali. Alionyeshwa.

Nilimwambia baada ya chakula kwamba naifikiria kazi ya Mkumbo. Akajibu: "Serikali haifi, mwanangu. Huyo Mkumbo atakufa."

Mama akaanza kuniambia kitu kwa Kigogo, Baba akamkatiza. Tukazungumza habari za mvua.

Njiani nilikasirika. Kisha nikajiuliza namkasirikia nani. Baba alinisomesha ili nisiwe na wasiwasi. Leo naenda kumwambia nautaka wasiwasi.

Alhamisi, 20 Februari

Elisha ni mwalimu wa sekondari. Amesema mmoja wetu abaki serikalini, na yeye yuko tayari kubaki. "Wewe nenda kama moyo umeshakwenda." Nilitaka abishe. Angebisha ningekuwa na mtu wa kumlaumu nikibaki.

Naogopa. Mkopo wa nyumba. Bima ya watoto. Uzee. Naogopa basi.

Na bado. Gari letu moja, maduara mengi, natembelea kila shimo mara chache kwa mwaka. Naacha utepe naondoka. Nikishapandisha ule mteremko sijui nani anaukata utepe wangu. Ningependa kuwa mahali kila asubuhi. Nijue kila ngazi. Nijue watu kwa majina.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekutana na Mkumbo kwenye mgahawa pale Misigiri. Kuku wa kienyeji, ugali wa mtama. Kabla hajanawa nikamwambia sharti langu. Ni moja. Iandikwe kwenye mkataba kwamba nikisema watu watoke, wanatoka, na hakuna wa kutengua, hata yeye. Na sifukuzwi kwa hilo.

Alicheka. Aliponiona sicheki akakunja uso. "Shimo langu. Matimba yangu. Halafu wewe uniamrishe?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

Akasimama akaondoka. Kuku wake aliyemwacha alikuwa mzima. Nimerudi nyumbani nimeinua kichwa na moyo umenywea. Nilikuwa naitaka kazi ile. Sikujua kiasi gani mpaka alipotoka mlangoni.

Jumatano, 26 Februari

Siku mbaya. Nimeingia chumba cha chai, maneno yakakatika. Lakini nilikuwa nimeshasikia. Kwamba nilimfungia Mkumbo ili aje aninunue. Kwamba ndiyo janja yangu.

Nimelia chooni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikaazimia kubaki, hata Mkumbo akirudi. Nizeeke humu humu mpaka wameze maneno yao. Wazo hilo lilinituliza kama saa nzima hivi, halafu likaanza kunichefua. Kukaa kwenye kiti kwa ajili ya midomo ya watu. Nitakuwa nimeajiriwa na chumba cha chai.

Alhamisi, 27 Februari

Simu nisiyoijua, sauti ya mama mtu mzima. "Mimi mke wa Mkumbo, mama Hadija. Hatujaonana." Nikamwamkia. Akaniambia mume wa Hadija alikuwa kwenye ile zamu niliyoitoa. Mkwe wake wa pekee. Hadija ana mimba kubwa.

"Mzee anaona haya kukurudia. Ana kiburi, tangu zamani. Lakini nimemwambia, asiposaini hilo neno lako, hakuna mtu wa nyumba hii atakayeshuka tena chini. Atachimba peke yake na ule uzee wake."

Nilicheka kwa sauti. Na yeye akacheka. Kisha akasema ahsante, taratibu.

Jumatatu, 3 Machi

Mkataba umefika. Kipengele changu kimo, na si kwa lugha ya wakili. Kaandika Mkumbo mwenyewe: "Mama akisema tokeni, tunatoka wote, na mimi mwenyewe nikiwemo." Nimesoma nikiwa nimesimama.

Nimeandika notisi ya mwezi mmoja. Mkuu alisoma, akavua miwani, akanyanyuka kunipa mkono. Miaka yote hii sijawahi kumwona akimnyanyukia mtu wa chini yake. "Tutakuja kukukagua," akasema. Nikamwambia njooni hata bila taarifa.

Niliyemkuta chumba cha chai nikamsalimu kwa sauti. Nikamimina chai yangu, nikakaa, nikainywa yote.

Baba nimempigia. Amesema, "Haya." Hilo tu. Mama ndiye aliyechukua simu akasema Mungu akutangulie.

Jumatano, 9 Aprili

Wiki ya kwanza, na jaribio limeshakuja. Wabia wa Mkumbo wamefika kutoka Mwanza kuona njia mpya ikifanya kazi. Makoti ya kuakisi mwanga, mapyaa, picha kila kona. Baruti ilikuwa imepigwa asubuhi. Zamu imeharakishwa kushuka kwa ajili ya wageni kabla sijapima hewa, nami nikafuata na kipimo. Moshi wa baruti, wenye sumu, haujaisha. Kule ndani umelala chini kabisa, mahali watu wanapoinama kufanya kazi.

Nikasema tokeni.

Mbia mmoja akaanza pale juu. Mama, wamesafiri mbali, dakika kumi tu za picha. Wachimbaji wakasimama ngazini, wananitazama mimi, wanamtazama Mzee. Nikajua kama Mkumbo akisema neno moja, karatasi yote ile ni ya kufungia maandazi.

Alikuwa ameshashuka ngazi kadhaa. Akageuka, akaanza kupanda. Polepole, magoti yanamsumbua. Alipofika juu akavua kofia ngumu, akawaambia wageni wake, "Mmemsikia. Hata mimi nimetoka."

Walitoka wote. Nikawatazama wakipita mmoja mmoja mbele yangu, vumbi mpaka kwenye kope. Kasema mfanyakazi wa Mkumbo, na imekuwa. Sijawahi kujivunia kazi yangu namna hii. Si siku ya mahafali, si siku niliyopewa cheo.

Jumapili, 13 Aprili

Zamu ya nusu siku. Hewa safi, matimba mapya hayalii. Wametoka mapema, wamenawa kwenye simtanki, wamekaa juani kwenye mawe. Hadija kajifungua juzi, wa kike, na mumewe kaleta chakula cha nyumbani kwa ajili ya wote. Ugali na mlenda.

Wakanisogezea nafasi. Nimekaa. Walizungumza habari za mpira na bei ya alizeti, hakuna aliyenyoosha mgongo kwa sababu nipo. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

Mlenda ulikuwa na chumvi nyingi. Nimekula wote.