Mwezi Nilioupunguza

Jumatatu, 3 Machi

Palizi ya maharage. Mgongo umekufa. Nimerudi na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani, Agnesi nyuma yangu kabeba jembe utadhani mtu mzima, kumbe ndiyo kwanza kaanza shule. Njiani tumekutana na Mama Rehema wa dukani. Salamu zote zikaisha, macho yakashuka tumboni. Wa miezi mingapi huyo? Nikamjibu sita. Ni saba, na siku juu yake.

Huku kwetu ndivyo. Mimba haitangazwi, na ukibanwa unapunguza mwezi. Hasidi akikungoja Juni, wewe umeshajifungua Mei na mtoto ananyonya. Mama yangu alifanya hivyo kwetu sote. Hata zahanati nimepunguza, maana nesi wa pale ni wifi yake Mama Rehema, na maneno ya zahanati hushuka mlima haraka kuliko maji. Safari hii sitaki jicho la mtu. Nimeshazika mmoja.

Alhamisi naenda mjini, kwa daktari.

Alhamisi, 6 Machi

Lushoto mjini. Foleni tangu asubuhi. Daktari ni binti mdogo, mpole, lakini hasemi jambo mara mbili. Kasoma karatasi zangu za zamani. Wa kwanza: uchungu pingamizi, nilihangaika mpaka mtoto akafia tumboni. Wa pili, Agnesi: alikwama vilevile, wakanipasua, kidonda kikatoa usaha. Mwaka ule wenzangu walipalilia wakavuna, mimi nimelala nanuka.

Kapima kwa picha. Kasema mtoto ni mkubwa kuliko miezi yake, na kwa historia yangu hataki nisukume. Kovu la ndani linaweza kuachia. Upasuaji, Jumatatu tarehe 26 Mei. Nije na ndugu wa kutoa damu.

Nimekasirika. Mimi mbuzi wa Krismasi, nipangiwe siku ya kisu? Mdomoni nikasema ahsante daktari.

Njiani ndipo nilipong'amua. Mtoto si mkubwa. Ni mimi niliyempunguzia mwezi. Nikacheka peke yangu nyuma ya bodaboda, dereva akageuka kuniangalia. Kicheko kiliisha kabla sijafika nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Sijasema. Sitasema.

Niandike ukweli hapa, hakuna anayesoma. Ikifika tarehe 26 Mei mtoto atakuwa ameshazaliwa. Uchungu utakuja wenyewe mwanzoni mwa Mei, nitakwenda zahanati, nitasukuma, atatoka. Nani atanilaumu? Nitasema ni mapenzi ya Mungu. Siogopi kufa kama ninavyokiogopa kile kitanda. Ile taa. Watu wanaongea juu yangu kana kwamba sipo. Na baada ya hapo miezi bila kushika jembe, bila kubeba hata ndoo, watu wakisema mke wa fulani siku hizi ni wa kuwekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Waliyasema. Niliwasikia.

Na kovu likiachia? Hapo kalamu inasimama.

Baba Agnesi kaizungushia tarehe 26 mkaa kwenye kalenda ya ukutani. Kila akipita anaigusa. Mwanaume huyu alimlilia wa kwanza mpaka majirani wakaja kumshika. Namwonea huruma, na namkasirikia hapohapo.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mvua. Mvua.

Udongo umekatika kwenye kona ya barabara ya mjini, chini ya miti ya miwati, lori la kabichi limelala ubavu. Kabichi zimebingirika mpaka mtoni. Wa bodaboda wanawashusha abiria na kusukuma pikipiki kwa mkono. Nimeiangalia ile kona nikajiona nimeshikwa na uchungu palepale, kwenye tope. Nikaenda kuchuma letusi.

Jumatano, 2 Aprili

Mama mkwe wangu amekuja kutoka Vuga. Bibi Agnesi. Kapanda mlima kwa miguu tangu kwenye kona, kuku kwapani, mwavuli umevunjika vijiti. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Ananitazama tumbo jinsi mtu anavyoutazama mkungu wa ndizi, kama umekomaa au bado.

Nilidhani atakuwa upande wangu. Amezaa saba, wote nyumbani, kisu hakijui. Nilipomwambia hospitali wanataka kunipasua, alisema "hee" tu, akaendelea kuchambua mboga.

Jumapili, 6 Aprili

Mungu wangu, aibu gani hii!

Ibada imeisha, tumetoka nje kwenye mnada wa sadaka, kawaida ya kila Jumapili. Mayai, maboga, kabichi. Akafuata kuku wa Bibi Agnesi, yule aliyekuja naye. Mzee wa kanisa kamwinua juu, bei inapanda, watu wanataniana. Mara Bibi Agnesi kajitokeza katikati, kakaza kitenge chake. Kasema kuku angoje, wamsikilize yeye kwanza. Mkwewe ana mimba. Wa kwanza alimzika, wa pili alipasuliwa, na huyu atapasuliwa tarehe 26 Mei. Damu inatakiwa. Nani atatoa?

Tarehe! Kaitaja tarehe! Mbele ya Mama Rehema, mbele ya usharika mzima!

Nilitamani nijifunike kanga niondoke. Kisha Danieli fundi seremala, yule wa kwaya, akanyoosha mkono. Mwingine akafuata, na mwingine. Mama Rehema naye. Mama Rehema! Halafu mnada ukaendelea, kuku akapata mnunuzi.

Nyumbani nikamvaa. Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe, leo nimempandishia. Nikamwuliza tangu lini mimba ya Mshambaa ikanadiwa pamoja na kuku. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda akanisimulia habari za dada yake, sikuwahi kuzisikia. Naye aliificha miezi yake, na nyumba nzima ikamsaidia kuificha. Uchungu ulimshika mapema kuliko watu walivyojua. Wanaume wako mashamba ya mbali, machela haijafungwa, hakuna aliyejiandaa. Wabebaji walipopatikana, alifia nusu ya njia.

"Tulimficha hasidi asione," akasema, "tukamficha na yule ambaye angembeba."

Halafu akashusha sauti, Agnesi asisikie. Kwamba Septemba nilipokwenda Vuga nilikuwa natema mate njia nzima, na yeye si mtoto mdogo, kuhesabu miezi anajua. Kwamba kanisani kawapa tarehe ya hospitali, maana hiyo ndiyo niliyompa. Ya kweli nikaiseme mwenyewe.

Nilikwenda kwa mbuzi nikakaa huko.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi kovu limevuta. Nimekaa chini shambani, jasho baridi. Likaacha.

Jioni nimemwambia Baba Agnesi. Yote. Mwezi niliopunguza, na kwamba nilikusudia kunyamaza mpaka uchungu unikute huku. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kukimenya kimoja mpaka kikabaki gololi. Akasema, "Ungenifia mwanzo wa Mei, na mimi huku nangoja mwisho wa Mei." Nimelia. Naye pia. Viazi vilivyokuwa jikoni vikaungua, Bibi Agnesi akavila hivyohivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mjini tena, safari hii na Baba Agnesi. Nimemwambia daktari. Kaweka kalamu chini, kanitazama. Nesi mmoja mtu mzima pembeni akasema, mficha uchi hazai, mama. Daktari hakunigombeza. Kapima upya, kahesabu upya. Mtoto si mkubwa. Ni wa kawaida, na siku zake zimekaribia.

Hapo ndipo pagumu sasa. Kama si mkubwa, basi nisukume? Nikamwuliza wazi. Akasema nikitaka sana kujaribu, iwe hapahapa hospitali, chumba cha upasuaji kikiwa tayari, zahanati hapana kabisa. Lakini wa kwanza na Agnesi nao hawakuwa wakubwa, na walikwama wote wawili. Yeye hashauri. Ila mwili ni wangu, na wa kuamua ni mimi.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Wa kwanza waliamua wakunga, wa pili walinisainia wengine mimi sijitambui. Nimetoka nje nikakaa kwenye benchi. Baba Agnesi akafungua mdomo, nikamnyamazisha kwa mkono.

Nikaifikiria ile taa. Nikaifikiria ile kona. Nikamfikiria Agnesi na jembe begani. Miaka yote hii nakiogopa kisu, na kisu hakikumuua mwanangu. Kilichomuua ni kungoja.

Nikarudi ndani nikasema, nipasue. Lakini nina masharti. Kila mnachofanya niambiwe. Na kidonda kikaguliwe vizuri kabla sijaruhusiwa, sitaki kunuka tena. Akaandika yote mawili, hakucheka. Jumatatu, tarehe 28 Aprili.

Nimeamua. Bado naogopa, lakini nimeamua.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimekuja kungoja mjini, kwa binamu yake Baba Agnesi. Kona imeziba, tope mpaka magotini, hata pikipiki haipiti. Nikasema nitavuka kwa miguu. Thubutu! Danieli fundi kaja na machela, miti miwili na blanketi, na wanaume wa pale kwenye mnada nyuma yake. Walijua tarehe imebadilika, maana safari hii niliwatangazia mwenyewe. Mama Rehema kabeba begi langu.

Wakanilaza. Naona aibu, nacheka. Wanateleza, wanatupiana maneno kwa Kishambaa, wananikemea niache kucheka maana natikisa machela. Bibi Agnesi pembeni na mwavuli wake mbovu, ananikinga uso tu, kwingine kote nalowa. Ng'ambo walinishusha taratibu, utadhani nimebeba mayai. Maneno ya kushukuru yalinikwama. Niyaandike hapa basi: ahsanteni.

Alhamisi, 1 Mei

Wa kiume. Jumatatu asubuhi.

Nilikuwa macho, wameniganzisha kuanzia kiunoni kushuka. Taa ni ileile. Nilimwambia daktari naogopa, akasema ogopa tu mama, sisi tupo. Akanieleza kila hatua, kama alivyoahidi. Halafu kilio. Kikali, cha hasira. Hasira hizo kachukua kwangu.

Baadaye aliniambia kovu la ndani lilikuwa jembamba, ganda la kitunguu. Lisingeuhimili uchungu. Nikamwambia asiendelee.

Nimeongezwa damu. Mama Rehema anadai ni ya kwake, anatamba wodi nzima. Nikitaka kumcheka naumia. Nikikohoa naumia. Agnesi kaletwa, kamtazama mdogo wake, kauliza kwa nini kakunjamana. Nina furaha na ninaumwa, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 26 Mei

Ukungu asubuhi, baadaye jua. Kidonda kimekauka. Jembe bado sishiki. Bibi Agnesi anavuna maharage yangu na anaimba, sauti hana. Waseme wanavyotaka kuhusu kabati.

Nimekaa mlangoni, mtoto ananyonya. Jana nilitembea mpaka kule kwenye miwati alikolala wa kwanza. Nilimng'olea majani. Hatukumpa jina. Baba Agnesi anasema hata sasa hatujachelewa. Tutaongea.

Mchana kaingia kunywa maji, kapita kwenye kalenda, mkono ukaenda wenyewe kwenye alama ya mkaa. Akasita. Akaifuta kwa dole gumba, akajipangusa kwenye suruali, akarudi kwenye viazi vyake.

Kisha kapita mama mmoja nisiyemjua, kasha la karoti kichwani, anashuka sokoni. Kasimama kusalimia, kamwangalia mtoto. Ana muda gani? Mazoea yalishanifika kwenye ulimi. Nikamwambia kazaliwa Jumatatu, tarehe ishirini na nane Aprili. Sikupunguza hata siku moja.