Harufu ya Sigara Kwenye Kanape

Ngagara, Jumamosi

Wiki nzima nimepigana na kanape hii, kochi letu la sebuleni. Désiré, mume wangu, aliinunua kwa mzee mmoja wa mtaa wa Rohero aliyekuwa anahama, mvutaji mkubwa. Nimefua vitambaa vyake kwa maji ya siki, nimenyunyiza bikaboneti kwenye sponji, nimeianika juani mpaka rangi ikapauka. Ukiinama tu, sigara za yule mzee zinakupanda puani.

Leo dada yangu Spès ametoka hospitali. Alilazwa kwa ajili ya mapafu, na kanape ndiyo ingekuwa kitanda chake hapa kwetu. Aliikalia kidogo tu, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Apana, mi nitazoea," akasema. "Musisumbuke."

Désiré alichukua kisu, akapasua mishono, akang'oa sponji yote. Ndani ilikuwa imegeuka manjano. Akaibeba, akaenda kuitupa mbali na nyumba.

"Nitatafuta ingine mupya," akaniambia aliporudi. "Yeye alale ku kitanda yetu."

Basi tumemlaza chumbani kwetu, dirisha wazi. Sisi tuko sebuleni, kwenye mkeka. Désiré ameshapitiwa na usingizi.

Harufu imekwisha. Nimenusa kila kona, hakuna kitu.

Lakini Spès bado anakohoa. Namsikia kupitia ukuta, kikohozi kilekile cha mchana.

Ee Mungu, nilitamani sana kosa liwe la kanape.