Nyumba ya Kichuguu, Dilala

Kolwezi, Dilala, tarehe 6 Machi 2022

Naomie binti yangu,

Jambo sana kutoka kwetu sote. Goti la mama yako limetulia, na mi nakohoa kile kikohozi cha vumbi la malori ya madini ambacho kila mtu wa Kolwezi anacho. Wewe je, kifua hakikusumbui tena? Unakula?

Nyumba imekwisha. Papy, fundi wetu, alipigilia bati la mwisho Alhamisi. Mapaa mawili kama ulivyochora: chini matao ya matofali, juu bati, na katikati upepo unapita. Matofali yote ni ya udongo wa kichuguu, na ukuta hauna rangi. Mama Jeanne wa parseli ya jirani, kiwanja kinachopakana na chetu, alisimama barabarani akacheka: "Tata Kanyinda, ule mutoto wako alisoma myaka tano juu ya kukujengea kichuguu?" Ilikuwa saa saba mchana. Nikamwambia, "Mama, ingia ukae kidogo." Alikaa katika ubaridi ule mpaka mboga yake ikaungua kwake.

Najua una hasira. Ulikuja Januari ukakuta nimeisogeza nyumba hatua tano kutoka pale ulipoichora, ukarudi na basi la siku ileile. Nyumba ni nzuri pale ilipo. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Tata yako,
Kanyinda


Lubumbashi, tarehe 2 Aprili 2022

Tata,

Salamu kwako na kwa mama. Mi mzima, kifua hakina neno, na nakula. Hicho kikohozi kipeleke hospitali, usikifanye sifa ya mji.

Nafurahi kwamba bati limekwisha. Lakini usiniandikie kwamba ni nzuri. Nilichora uwanja wa wazi upande wa mashariki ili jua la asubuhi lifike barazani. Wewe uwanja ule umeujaza saluni, sebule ya kupokelea wageni, na baraza sasa linatazama ukuta wa Mama Jeanne. Nilipouliza kwa nini, ulinijibu mbele ya mafundi wote kwamba baba ni wewe na ramani ni wewe: "Mi njo tata, mi njo plani." Papy alitazama miguu yake.

Hiyo ni nyumba yangu ya kwanza. Parseli niliinunua kwa mshahara wangu ili mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na nane akiishi katika nyumba za kupanga apate mlango wake. Sasa wakiniuliza ofisini nimejenga nini, nasema bado.

Naomie


Kolwezi, Dilala, tarehe 11 Juni 2023

Binti yangu,

Tumekaa mwaka na zaidi bila neno lako. Marlène mdogo wako anatuambia uko salama, na mama yako anamuuliza kila Jumapili kana kwamba hakumuuliza Jumapili iliyopita. Huku baridi imeanza. Tuko wazima. Mwishoni mwa barua yako ya mwisho hukuandika "mutoto wako" kama siku zote. Niliona.

Nakuandikia kuhusu nyumba, upende usipende. Madereva wa pikipiki hawaulizi tena namba. Unasema "kwa kichuguu" wanakuleta. Maharusi wanaomba kupigwa picha barazani, hilohilo unalolichukia. Mwezi uliopita wanafunzi wa ujenzi walikuja na mwalimu wao, wakagusa kuta, wakahesabu matao, wakaniuliza msanifu ni mzungu gani. Nikawasimamisha wote mstari mmoja kama zamani darasani na kuwafanya waseme jina lako kwa sauti, mara mbili.

Lakini mtaa unaliwa. Upande wa reli nyumba tatu zina mashimo ndani, chini ya vitanda, watu wanatafuta jiwe jeusi la kobalti. Mama Jeanne ameuza. Siku hizi tukikaa kimya tunasikia nyundo za wachimbaji chini ya ukuta wake.

Tata yako


Lubumbashi, tarehe 3 Julai 2023

Tata,

Nawasalimu. Mwambie mama nimepokea pondu aliyotuma, ile mboga ya majani ya muhogo, nilikula yote kwa siku mbili.

Mnunuzi wa madini alikuja ofisini kwangu, yuleyule aliyenunua kwa Mama Jeanne. Karatasi ya parseli ina jina langu, ndiyo maana hakuja kwako. Anatoa kiasi ambacho kingewajengea nyumba nyingine hapa Lubumbashi, na safari hii kila ukuta ungekaa pale nilipouchora. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Sitakuficha: nafikiria kukubali. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mtaa unaliwa. Na ile nyumba inasifiwa kwa jina langu, lakini mi nikiiona naona tu mahali uliponikataa. Kama una sababu, nipe. Usiniambie wewe ni tata, hilo nalijua.

Naomie


Kolwezi, Dilala, tarehe 9 Julai 2023

Naomie,

Leo sitakuuliza afya. Mama yako yuko hapa, ndiye aliyesema niandike yote.

Siku ya tatu ya kuchimba msingi, Papy alifika ukingoni mwa ule uwanja wako wa mashariki na sururu yake ikagonga jiwe jeusi lenye mishipa ya kijani. Unajua ni nini. Mtoto yeyote wa Kolwezi anajua. Lilikuwa karibu sana, shimo halijafika hata kiunoni. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Papy alinitazama. Mdogo wake alifukiwa shimoni akichimba jiwe hilohilo mwaka uliotangulia, na yeye alichukua koleo akaanza kurudisha udongo.

Uwanja wa wazi, hapa kwetu, ni mlango. Siku yoyote mtu angechimba choo au shimo la takataka, tungekwisha. Nikaamua saluni ikae pale, na chini yake zege nene. Nilipokujibu vile mbele ya mafundi, kulikuwa na masikio kumi. Nilichagua unichukie. Baadaye ningeweza kukuandikia, lakini niliogopa barua ifunguliwe, na kusema kweli niliogopa pia utauza.

Sasa umejua, na parseli imepanda bei kwa mkono wangu mwenyewe. Huyo mnunuzi anakisia tu. Wewe huna haja ya kukisia. Siwalaumu wenye njaa wanaochimba chini ya vitanda vyao. Nawalaumu wanaokuja na magari kuwapigia makofi, na wale wa mbali wasiouliza jiwe limetoka chini ya kitanda cha nani. Nimegombana nao maisha yangu yote kwa maneno. Mara hii nilitumia zege.

Nilikosa kukwambia. Kuisogeza sikukosa. Karatasi ni yako, amua.

Tata yako,
Kanyinda


Lubumbashi, tarehe 28 Julai 2023

Tata yangu,

Nawasalimu nyote wawili, na goti, na kikohozi. Mpe Papy mkono wangu.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachora. Chama chetu cha wasanifu kinafanya maonyesho Septemba na wameomba kila mmoja alete nyumba moja. Nimeichora upya yenu, hatua tano mashariki, na nikaona kitu ambacho hasira ilinizuia kukiona: saluni ikiwa pale, upepo wa barabarani unapita chini ya matao yote bila kukatwa. Mwalimu wangu wa chuo alipouona mchoro alidhani nilikusudia. Nilimwambia tulikusudia wawili, na chini ya mchoro kuna majina mawili, lako la kwanza kwa sababu ya umri. Mahali pa saluni nimeandika "saluni", basi.

Mnunuzi alipiga simu jana. Nilimwambia hapana. Akasema atakwenda kuzungumza na mzee. Nikamwambia aende tu, mzee anapenda sana kubishana, na aende asubuhi mapema kwa sababu hatatoka kabla ya jioni.

Mutoto wako,
Naomie