Maji Yaliyomwagwa Nyuma ya Duka

Newala,
Jumatano jioni.

Kaka yangu mpendwa, Mwalimu Cecil,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti lako limetulia tangu ulipokubali kuwaachia vijana kazi ya kupalilia mikorosho. Msalimie sana wifi yangu Agatha. Mwambie makopa ya muhogo aliyonipa bado ninayo, na kila nisongapo ugali wake namwombea. Sisi huku tunaishi kwa rehema za Mungu. Minada ya korosho imeanza, mji umejaa watu, na maji, kama ilivyo desturi ya majira haya, yanatafutwa kuliko sukari.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, neno nililo nalo linataka kukaa kitako, na simu haina kiti.

Wajua kwamba tangu nilipoacha kufundisha darasa la kipaimara, nimekuwa msaidizi wa meneja katika duka la Mzee Bernard, tuuzapo magodoro, ndoo, vyombo na vitambaa. Meneja wa zamani alipoondoka, niliamini kwamba nafasi ile ingekuja kwangu. Nilikwisha kushona hata gauni. Mzee Bernard akaja kutoka Masasi, akatukusanya mbele ya meza, akamtangaza Oliva: Oliva yule yule, binti wa marehemu Yuliana, niliyesimama naye ubatizoni nikamjibia maswali ya padre kwa kuwa yeye alikuwa hajui ila kulia. Nilimfundisha Amri Kumi, kisha nikamfundisha kupima kitambaa bila kumpunja mtu. Siku ile nilipiga makofi pamoja na wengine.

Sitamsingizia: alikuwa bosi mgumu. Aliagiza kwamba mbele ya wateja tumwite Meneja, hata mimi nimwite hivyo. Kigoda changu cha mlangoni alikihamishia stoo, akisema msaidizi wa meneja husimama. Siku moja nilikuwa nikimfariji mteja aliyefiwa, akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba Mama Gift, hapa si ibada ya jioni, kuna watu wanasubiri magodoro. Wateja wakacheka. Nami nikatabasamu, kaka, na tabasamu lile likanichoma kama chumvi kwenye kidonda.

Lakini ukali wake haukuniumiza kama sifa zake. Wanawake wa kijiji cha Mkunya, ambao zamani walikuwa wakiniulizia mimi, sasa wakifika wanasema tuitie Meneja atuchagulie. Mama Pili, ambaye nilimshonea sanda ya mumewe, alinipita pale mlangoni akaenda kumshika Oliva mkono. Jumapili iliyofuata nikaona Oliva akipanda kusoma somo la kwanza, somo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa langu. Alisoma vizuri. Nilikaa nikisubiri akosee jina moja tu la mji wa kale, na hakukosea. Nilipopokea Sakramenti siku ile nilijua moyo wangu haukuwa umefagiliwa.

Sasa nikueleze habari ya maji. Nyuma ya duka lipo simtanki linalokinga maji ya paa, na desturi yetu tangu mwanzo ni kwamba mwanamke aliyepanda kutoka mashambani hupewa kikombe cha maji kabla hajaulizwa ananunua nini. Ni mimi niliyeianzisha. Ufunguo wa simtanki ulikuwa wangu, kikombe cha bati kilikuwa changu, na baraka zote za wanawake wale zilikuja kwangu. Yalikuwa ndiyo mamlaka pekee niliyobaki nayo.

Asubuhi ya Jumatatu moja nikakuta kufuli jipya. Nilipomwuliza Oliva, alinijibu kwamba maji yamesitishwa hadi atakaposema yeye, na kwamba hana la kuongeza. Nikazunguka nyuma ya duka. Ardhi ilikuwa imelowa hadi kwenye ua wa jirani, na nilipogonga simtanki lililia tupu kama ngoma. Kaka, hapa Newala mtu aweza kusamehewa kumwaga pombe ya harusi. Kumwaga maji hasamehewi.

Sikuuliza zaidi, wala sikutaka kuuliza. Nilirudi mlangoni, na kila mwanamke aliyekuja na kiu nilimwambia taratibu, kwa sauti ya huruma, kwamba hakuna maji, mwanangu, Meneja aliona heri ayamwage chini kuliko kuwapa ninyi. Mmoja wao, Myao, mtani wa watu wote, akauliza kwa nguvu kama Meneja anaotesha mpunga huko nyuma. Duka zima likacheka, na safari hii nami nilicheka kwa moyo. Wiki ilipokwisha wateja walikuwa wamehamia duka la ng'ambo.

Mzee Bernard akaja. Aliniita mimi kwanza, kama mtu mzima na mtu wa kanisa, akanitaka niseme kweli. Nikasema ya kwamba maji yalimwagwa kwa amri ya Meneja. Akamwita Oliva, akamwuliza. Oliva alinitazama mara moja, kisha akajibu kwamba ni kweli, ameyamwaga. Akaulizwa sababu, akanyamaza. Nilidhani ni kiburi. Mzee Bernard akamvua umeneja pale pale, akamwamuru ahamie kwenye kibanda chake cha Nanganga kuuza chumvi na mafuta ya taa, na funguo zote akaniwekea mimi mkononi. Usiku ule nilitoa zaburi ya shukrani, kaka. Nilipiga magoti nikashukuru.

Jana ndipo Jafari, mpakiaji wetu wa mizigo, alipokuja kuaga kwamba naye anaacha kazi. Nilimsihi akae. Akaniambia, Mama Gift, kanisa limekufundisha kusamehe, halikukufundisha kufunika chombo? Sikumwelewa. Ndipo akanieleza kwamba Jumamosi ile nilipoharakisha kwenda mazoezi ya kwaya niliacha simtanki wazi, na Jumapili jioni yeye na Oliva walikuta humo panya wawili wamekufa na kuvimba. Oliva aliyamwaga maji, akalisugua simtanki kwa mikono yake, akamwapisha Jafari asiseme. Alimwambia kwamba wateja wakijua hawatakunywa tena mikononi mwa Mama Gift, na Mzee Bernard akijua atamfukuza, naye Mama Gift hana kwingine pa kusimama.

Basi hilo ndilo, kaka. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe kosa lake. Nilikwisha hata kuchagua maneno. Nikakuta hana kosa, na badala ya moyo wangu kuyeyuka, ulipata wivu mpya ulio mkali kuliko ule wa kwanza: kwamba amenishinda hata katika wema, jambo nililomfundisha mimi. Sikufichi. Ninapoandika hapa ungali umo, umekaa kama mgeni asiyeaga.

Leo alasiri Oliva alikuja nyumbani. Alipiga goti, akaniamkia, akaniuliza kama nina salamu za kupeleka kwenu Nanganga. Nikamwambia asubiri barua. Ndiyo hii. Mleta barua ndiye yeye, na hajui kilichomo.

Ijumaa Mzee Bernard atakuja kukagua mauzo, na wanawake wa Mkunya watakuwapo kwa kuwa ni siku ya soko. Nitasimama mlangoni pale pale nilipowaambia uongo, niwaambie juu ya panya na juu ya aliyeacha simtanki wazi, kisha nirudishe funguo. Nikifukuzwa, nitakuja kula makopa kwenu. Nikibakizwa, nitasimama chini ya Oliva na kumwita Meneja, na wivu huu nitakuwa nao, nikiusimamia kila siku kama msaidizi anavyopaswa. Niombee.

Umsalimie Agatha tena, na watoto, na jirani zetu wote wa pale barabarani. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Tafadhali, kaka, mtoto huyu akifika, mpe kikombe cha maji kabla hujamwuliza lolote. Kisha msomee barua hii, nawe usiruke mstari. Na mwambie asifungue sanduku lake la nguo mpaka Ijumaa ipite.

Ni mimi dada yako mdogo,
Ethel, Mama Gift.